Kijivu cha ubongo na ugwe wa mgongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wagonjwa, wauguzaji na wanafunzi wa skuli, Unguja na Pemba. Kama mbele yako yupo mtu aliyeanguka au aliyepooza ghafla, ruka moja kwa moja hadi swali la 8 au la 9. Mengine yatangoja.

## Msingi

1. "Kijivu" ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ya ubongo na ya ugwe wa mgongo ambamo seli za neva zenyewe zimekaa: miili yake, matawi mafupi ya kupokea habari, na sinapsi, yaani vipenyo vyembamba ambapo seli moja huikabidhi nyingine ujumbe. Mna pia seli za kuzihudumia hizo, na mishipa midogo ya damu mingi mno. Sehemu nyeupe ni nyuzi ndefu zitokazo kwenye seli hizo, nyingi zikiwa zimevikwa mayelini, utando wa mafuta unaofanya ujumbe ukimbie.

Kwa mfano wa kwetu, kijivu ni nyumba zenye taa na swichi, nyeupe ni nyaya za njiani. Mwaka 2008, njia ya umeme kutoka bara ilipoharibika na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, taa majumbani zilikuwa nzima kabisa. Mfano huu tutauhitaji tena katika swali la 10.

2. Kweli kina rangi ya jivu?

Kwa mtu aliye hai, la. Kina rangi ya kahawia inayoelekea waridi, kwa sababu ya damu. Ujivu hasa ni wa ubongo uliokwisha kutiwa fomalini, nao ndio wanafunzi wengi wa udaktari wanaoufahamu. Aliyepasua kichwa cha mbuzi Idi Kubwa ameiona tofauti hata kama hakuitilia maanani: ukilikata bongo kwa kisu kikali, juu pana tabaka jembamba lililokoza, chini yake weupe kama samli iliyoganda. Weupe ule ni mafuta ya mayelini.

3. Kinakaa wapi?

Katika ubongo kipo nje, kama gamba lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Gamba hilo limekunjwakunjwa ili lienee ndani ya fuvu. Likikunjuliwa hufika takriban sentimita za mraba 2,000 hadi 2,500, kama sehemu moja ya saba ya kanga. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni, nao una gamba lake. Kisha, ndani kabisa katikati ya weupe, kuna mafundo ya kijivu: thalamasi, inayopokea karibu hisia zote kabla hazijafika kwenye gamba, na mafundo ya chini yanayosawazisha mwendo.

Katika ugwe wa mgongo mpango umepinduliwa: nyeupe nje, kijivu ndani. Ukiukata ugwe kama unavyokata tango, katikati utaona umbo la kipepeo. Mabawa ya mbele yana seli zinazoamrisha misuli. Mabawa ya nyuma hupokea maumivu, joto na mguso. Kuanzia usawa wa kifua hadi juu ya kiuno kuna pia kijipembe cha ubavuni, chenye seli zinazoendesha jasho, mapigo ya moyo na mishipa ya damu. Kipepeo hunenepa mahali pawili, shingoni na kiunoni, kwa kuwa mikono na miguu ina misuli mingi ya kuamrishwa.

Mpango huu ndio unaoeleza karibu kila kitu kilichopo chini: jeraha likigusa kijivu dalili ni za aina moja, likigusa nyeupe ni za aina nyingine.

4. Seli ni ngapi?

Ubongo mzima wa mtu mzima una seli za neva bilioni 86 hivi. Kinyume na wanavyodhani wengi, bilioni 69 kati ya hizo zimo katika ubongo mdogo. Gamba la ubongo mkubwa lina bilioni 16 tu. Ubongo una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, kama asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia asilimia 20 ya oksijeni yote.

5. Uti wa mgongo, ugwe, uboho: si kitu kimoja?

Si kimoja, na lugha ya mitaani inavichanganya vibaya. Uti wa mgongo ni mfupa, zile pingili zilizopangana. Ugwe wa mgongo ni kamba laini ya neva inayopita ndani ya tundu la pingili hizo, urefu wake sentimita 42 hadi 45 kwa mtu mzima. Uboho ni ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, hauhusiani na neva.

"Homa ya uti wa mgongo" ni uvimbe wa tando zinazoufunika ubongo na ugwe. Si ugonjwa wa mfupa wala wa kijivu chenyewe, ingawa ukicheleweshwa huingia ndani. Na ile "yutiai" (UTI) ambayo kila mtu huambiwa anayo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Jina limefanana na "uti" kwa bahati mbaya tu. Wapo wagonjwa waliorudi nyumbani na dawa ya mkojo wakiamini wametibiwa mgongo.

## Sindano na picha

6. Kutolewa maji mgongoni kunapoozesha? Na sindano ya ganzi ya mgongo kwa mama anayepasuliwa?

Hili ndilo swali linaloongoza, na ndilo linalofanya wazazi wakatae kipimo mtoto akiwa na homa ya uti wa mgongo. Jibu limo katika maumbile. Kwa mtu mzima ugwe unaishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Kwa mtoto mchanga unashuka chini kidogo, hadi karibu na pingili ya tatu. Sindano huchomwa chini ya hapo, kati ya pingili ya 3 na ya 4 au ya 4 na ya 5. Daktari hupapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, na mstari unaoziunganisha humwonyesha pingili ya 4. Pale hakuna ugwe, yapo maji na mizizi ya neva inayoelea ndani yake, ambayo kwa kawaida huikwepa sindano. Mgonjwa akisikia kama shoti ya umeme mguuni, sindano imegusa mzizi mmoja. Aseme, nayo itarudishwa nyuma.

Ganzi ya upasuaji wa uzazi huingizwa kwenye maji hayohayo. Miguu inakufa ganzi kwa saa chache kisha inarejea.

Kinachotokea kweli baada ya sindano hizi ni kichwa kuuma, hasa mtu akikaa au kusimama, na kupoa akilala. Sababu ni maji kuvuja kidogo kwenye tundu la sindano. Kwa wengi huisha ndani ya wiki kwa kulala, kunywa maji, paracetamol na chai au kahawa. Rudi hospitali haraka ukiona homa, miguu kulegea upya, au mkojo kugoma kutoka.

Na yale maumivu ya mgongo ya miaka baada ya kujifungua? Uzazi wenyewe, kubeba mtoto na kuinamia ndoo ni sababu kubwa kuliko tundu lile la sindano.

7. CT imetoka "safi". Basi si kiharusi?

Si lazima. Katika picha ya CT (eksirei inayoonyesha kichwa tabaka kwa tabaka) kijivu huonekana cheupe kidogo kuliko nyeupe (ndiyo, kinyumenyume). Kiharusi cha damu kuvuja huonekana mara moja. Kiharusi cha mshipa kuziba, saa za mwanzo, huenda kikaonyesha tu kwamba mpaka kati ya kijivu na nyeupe umeanza kufifia, au kisionyeshe chochote. CT ya mapema inafanywa hasa kuhakikisha hakuna damu. Picha ya MRI, ile ya sumaku, hukiona mapema zaidi.

## Kinavyoharibika

8. Kiharusi: kwa nini daktari anauliza saa badala ya dalili?

Kwa sababu kijivu ndicho kinachokufa kwanza. Gramu 100 za kijivu huhitaji damu kama mililita 80 kwa dakika. Nyeupe huhitaji kama 20 hadi 25. Mshipa mkubwa ukiziba, inakadiriwa seli za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na saa hizo kwa mtu wa kijijini huliwa na njia.

Mwambie atabasamu: mdomo umekwenda upande? Anyanyue mikono yote miwili: mmoja unaanguka? Aseme sentensi: ulimi mzito? Moja tu likiwepo, muondoe kwenda hospitali. Andika saa ya mwisho aliyoonekana mzima. Aliyeamka amepooza, saa yake ni ile aliyolala.

Makosa yanayorudiwa: kumpa uji au maji (koo huenda limepooza, huingia mapafuni); kumpa aspirini kabla ya CT, hali huenda ni damu inayovuja; kumwekea kidonge cha presha chini ya ulimi. Presha ikishushwa ghafla, kijivu kilichokuwa kinaning'inia kwenye damu kidogo kinakufa nacho. Na kumsubirisha asubuhi ili kwanza akandwe.

9. Mtu ameanguka mkarafuu au mnazi. Tumbebeje?

Msimu wa karafuu Pemba unajulikana kwa hili. Jeraha la kwanza linatokea mtu anapogonga chini. La pili hutengenezwa na wabebaji.

Asikalishwe. Asipewe maji. Asitiwe kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa pande zote mbili kikiwa sawa na kifua, na yeye ndiye atoe amri. Wengine watatu au wanne wapange mikono bega, nyonga na miguu, kisha wamgeuze kama gogo, kwa pamoja, ubao au mlango uliong'olewa usukumwe chini yake. Kanga mbili zilizosokotwa ziwekwe pembeni mwa kichwa, afungwe juu ya ubao kwenye paji la uso, kifua na nyonga. Ikiwa hapumui, pumzi inatangulia mgongo: inua taya bila kukunja shingo. Seli zinazoendesha kiwambo cha pumzi ziko kwenye kijivu cha ugwe usawa wa 3 hadi 5 wa shingo, hivyo aliyeumia shingo juu huweza kuacha kupumua njiani.

Kwa nini mtikisiko wa njiani una madhara hata kama mfupa ulikwisha kuvunjika? Ugwe ukiminywa, damu huanza kuvuja katika kijivu cha katikati chenye mishipa mingi, kisha uharibifu huenea nje kwenye nyeupe kwa saa kadhaa. Presha ikishuka au oksijeni ikipungua, unaenea zaidi. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Kwa aliye Pemba, muhimu ni kufika hospitali ya karibu akiwa amelala sawa, mipango ya kuvuka ifanywe kutoka huko.

10. Amepooza miguu tangu aanguke, lakini sasa miguu inaruka yenyewe. Anapona?

Hapa ndipo familia huumia mara mbili, kwa hiyo tulieleze taratibu. Siku au wiki za mwanzo baada ya jeraha, ugwe uliopo chini ya jeraha huzimia na miguu hulegea kabisa. Kisha huzinduka. Kijivu cha kiunoni, kinachoamrisha miguu, kizima. Kilichokatika ni nyeupe, njia ya kutoka ubongoni. Ni nyumba iliyokatiwa umeme wa bara ikaanza kujiwashia jenereta: taa zinawaka, lakini hakuna aliyeziwasha kutoka mbali. Ukimgusa nyayo mguu unajikunja. Shuka likimparuza anatikisika. Huo ni mrejesho wa ndani ya ugwe, hauhitaji ubongo, na peke yake si dalili ya kupona.

Dalili ya kweli ni kutii. Mwambie afumbe macho, asubiri, akunje kidole gumba cha mguu unapomwamuru, mara tatu mfululizo. Daktari ataangalia pia hisia kuzunguka njia ya haja kubwa. Ikiwepo, matumaini yanaongezeka.

Mgeuze kila saa 2 usiku na mchana, kidonda cha kulalia kinaweza kuua. Na kwa aliyeumia usawa wa sita wa kifua au juu zaidi, jihadhari na hili: akianza ghafla kuumwa kichwa kikali, uso kuwa mwekundu na jasho juu ya jeraha, presha yake imepanda kwa sababu kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja au choo kimekwama. Mkalishe wima papo hapo, nyoosha mpira, toa mkojo. Ni zile seli za kijipembe cha ubavuni (swali la 3) zinazofanya kazi bila msimamizi.

11. Polio nayo hupoozesha. Tofauti ni ipi?

Polio ni kinyume cha swali la 10: nyaya nzima, nyumba imeungua. Hata jina lake kamili, poliomyelitis, kwa Kigiriki lina maana ya uvimbe wa ugwe wa kijivu. Virusi huua seli za mabawa ya mbele ya kipepeo, kwa hiyo mguu hulegea, hauruki, hukonda, lakini hisia zinabaki kamili. Mtoto anakwambia umemfinya wapi. Kati ya walioambukizwa 200, mmoja hivi hupooza moja kwa moja.

Afrika ilitangazwa kuwa haina polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Februari 2022 ikaonekana tena Malawi, virusi vikiwa na nasaba ya Pakistan, ndiyo maana matone yakapelekwa nyumba kwa nyumba hata kwa watoto waliokwisha chanjwa. Mtoto yeyote chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla bila kuumia, ripoti kituoni siku hiyo hiyo: zinahitajika sampuli mbili za choo, zikiachana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee.

12. Manjano ya mtoto mchanga yanahusianaje na ubongo?

Manjano yakizidi, bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, huvuka na kujikusanya kwenye mafundo ya kijivu ya ndani. Akili huenda ikabaki nzuri, lakini mtoto anakua na viungo vinavyojinyonganyonga na masikio yasiyosikia. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au mtoto anayekataa ziwa, kulia kwa sauti kali na kujipinda mgongo: hospitali, leo. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi badala ya taa ya buluu.

Visiwani kuna jambo la ziada. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozikinga chembe nyekundu za damu zisivunjike, si wa nadra huku, na mtoto mwenye nao akivishwa nguo zilizokaa kabatini na vile vidonge vyeupe vya naftalini, damu yake huvunjika na manjano kuruka juu. Nguo na mablanketi ya mtoto zisiwekewe naftalini kabisa. Kufua tu hakuaminiki.

13. Mgonjwa wa sukari anafunga Ramadhani. Kijivu kinaweza kuharibika?

Sukari ikishuka sana kwa muda, ndiyo. Seli za gamba la ubongo hutegemea glukosi kila dakika. Kwanza huja jasho, kutetemeka na njaa, kisha maneno ya ovyo, kisha kifafa au kuzimia. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine), afungulie hata kama zimebaki dakika 20 adhana ipigwe. Kikipita 16.7 (300) afungulie pia. Kujichoma kidole kupima, wanazuoni wengi wanasema hakubatilishi saumu.

14. Kifafa ni ugonjwa wa kijivu?

Degedege la kifafa huanzia kwenye kijivu: kundi la seli hulipuka kwa pamoja. Likianzia eneo la mkono, mkono hutikisika. Likienea kote, mtu huanguka. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, hesabu dakika. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kiatu puani wala kitunguu. Povu haliambukizi. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, muondoe kwenda hospitali. Dawa isikatishwe ghafla kwa sababu "amepoa mwaka mzima". Kukata fenobabitoni kwa mkupuo ni njia ya kulileta degedege lisilokoma.

## Kusoma na kuzeeka

15. Seli zikifa ndiyo basi?

Karibu zote, ndiyo. Kinachomrudisha mgonjwa wa kiharusi ni seli zilizobaki kujifunza njia mpya, na hilo huhitaji marudio mengi ya kitendo chenyewe: kushika kikombe mara mia, si kukandwa mafuta peke yake.

16. Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo?

Uzushi. Rudi swali la 4: mwili haulishi kitu kwa asilimia 20 ya oksijeni yake ili kikae bure.

17. Kuhifadhi Kurani au kusoma sana kunaongeza kijivu?

Kinachobadilika zaidi ni sinapsi, si idadi ya seli. Uchunguzi wa mwaka 2000 uliwakuta madereva wa teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, wakiwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo la kumbukumbu, kubwa kuliko watu wengine. Lakini ujazo si kipimo cha akili: kijivu hufikia kilele chake mtoto akiwa na miaka 6 hivi, kisha hupungua kwa kupogolewa sinapsi zisizotumika, huku nyeupe ikiongezeka hadi karibu miaka 29. Mwalimu wa chuoni anayerudisha darasa la jana kabla ya kufungua la leo anafanya sawasawa, na mtoto anayekatwa usingizi ili ahifadhi zaidi anapoteza anachokitafuta.

## Yasiyo ya kawaida

18. Mama anaungua vidole kwenye sufuria na hasikii, lakini mguso anausikia. Ni ukoma?

Upimwe ukoma, lakini huo kwa kawaida huondoa na mguso pia, na neva zake hunenepa chini ya ngozi. Maumivu na joto kupotea mikononi na mabegani pande zote mbili, mguso ukabaki, huonyesha tundu la maji linalokua katikati ya kijivu cha ugwe shingoni. Nyuzi za maumivu na joto huvukia hapo katikati kwenda upande wa pili. Za mguso hupita nyuma. MRI ndiyo inayothibitisha.

19. Ripoti inasema kuna kijivu mahali pasipo pake. Ni saratani?

La. Kabla ya kuzaliwa, seli husafiri kutoka ndani ya ubongo kwenda kwenye gamba. Zilizokwama njiani hubaki kama visiwa vya kijivu ndani ya nyeupe. Wengi wana akili za kawaida. Kinachowaleta hospitali ni kifafa, na matibabu huanza kama katika swali la 14.

20. Nasikia ndani ya ubongo mna pia sehemu nyeusi. Ni kitu gani?

Ni kijivu pia, katika shina la ubongo, kilichotiwa weusi na rangi inayofanana na ya ngozi. Seli zake zikifa zaidi ya nusu ndipo mtetemo wa mkono uliotulia na mwendo wa kuburura huonekana, yaani ugonjwa wa Parkinson. Kabla ya kumpa mzee jina hilo, tazama dawa anazomeza: haloperidoli na jamaa zake, dawa za magonjwa ya akili, huleta dalili zilezile, na hizo kwa kawaida hupungua dawa ikibadilishwa na aliyeiandika.